Msaada: kampuni gani ya meli ituletee eskaveta na bolmili mpaka Chunya?

MchimbajiMakongo

Wakuu habari za humu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu maana hela tunayotaka kutumia si yangu peke yangu, tuko wanne kwenye kikundi na wawili kati yetu wameweka mpaka shamba rehani. Tuko Makongolosi huku Chunya, tumechimba dhahabu kwa mikono na karasha za kukodi, zile mashine za kusaga mawe, miaka sita sasa, tumechoka kumpa mwenye karasha mchanga wetu. Tumeamua tununue vitu viwili, eskaveta Komatsu PC200-8 iliyotumika kutoka Japani, na bolmili mpya ya China, ule mtungi wa chuma unaozunguka na mipira ya chuma ndani kusaga mawe, ile saizi ya milimita 1830 kwa 3000, muuzaji anasema inafika tani 28 bila mota na bila mipira yake.

Kununua sio shida, shida ni kuleta. Nimeziandikia kampuni tatu za kimataifa zinazobeba mizigo mizito na mikubwa. Moja ilijibu baada ya wiki mbili ikaniuliza maswali mengi, niwape mchoro, niwape kitovu cha uzito, sehemu za kunyanyulia ziko wapi, nikashindwa hata pa kuanzia. Ya pili ikanipa bei inayokaribia bei ya eskaveta yenyewe. Ya tatu kimya mpaka leo. Sasa kuna dalali yuko Mbeya mjini anasema yeye anamaliza kila kitu bei moja, kutoka kiwandani mpaka mgodini, ila tumpe nusu sasa hivi. Wenzangu wanataka tumpe, mimi roho inasita. Naombeni mnitajie kampuni ya kuaminika, na kama kuna mtu ameshaleta mitambo ya hivi aniambie alipitia njia gani. Asanteni sana.

KurasiniKliaring

Mkuu karibu, na kwanza kabisa hiyo nusu msimpe mtu. Mimi niko kwenye kliaring, kazi ya kutoa mizigo bandarini, hapa Kurasini Dar mwaka wa kumi na nne huu, nitakujibu kwa urefu maana swali lako naliona kila mwezi na watu wanaumia sehemu zile zile.

Unauliza kampuni gani, lakini hujatuambia mzigo wako una vipimo gani, na kwenye hii biashara vipimo ndio vinachagua kampuni. Chukua hiyo PC200-8. Ikikunjwa buumu, ule mkono wake, kwa safari ina urefu kama mita 9.43, upana mita 2.80 ikiwa na sahani za minyororo ya miguu za milimita 600, kimo mita 3.04, na uzito wake unazunguka tani 20. Zidisha urefu, upana na kimo utapata kama kyubiki 80, yaani mita za ujazo. Sasa meli inakutoza kwa tani au kwa kyubiki, ile iliyo kubwa zaidi. Tani 20 na kyubiki 80, umeona utalipia ipi. Kwa hiyo kila sentimita ya upana na kimo ni hela yako, na muuzaji akiandika vipimo vya kwenye kitabu wakati mashine imefungwa sahani pana zaidi au imeongezewa kitu juu ya kabini, wanakuja kupima gatini bei inabadilika na wewe ulishalipa.

Mlango wa kontena una upana kama mita 2.34, hapo eskaveta haiingii kabisa. Kuna watu watakwambia ipande flatireki, lile kontena lisilo na kuta za pembeni wala paa. Inawezekana, ila flatireki yenyewe upana wake ni mita 2.44, mashine yako itatokeza kulia na kushoto, na juu itazidi. Maana yake kwenye meli ya kontena hakuna kitu kitakaa pembeni yake wala juu yake, na hizo nafasi zinazokufa unalipia wewe. Naamini ile bei iliyokutisha imetoka huko, walikupigia hesabu ya flatireki.

Eskaveta ya Japani njia yake ni roro. Meli za roro ndio zile zile zinazoleta magari yetu, mashine inaingia inatembea yenyewe na inashuka inatembea yenyewe, hainyanyuliwi na winchi hata mara moja. Na hizo meli Dar zinakuja mfululizo, mwaka 2022 Meridian Ace peke yake ilishusha magari 4,041 safari moja. Sharti lake mashine iwe inawaka na inatembea. Ikishindwa kuwaka Yokohama wanaipandisha kwenye trela la chini wanaloliita mafi na bili inapanda. Kwa hiyo kabla hujalipa mwambie muuzaji akutumie video ikiwaka ikiwa ya baridi, ikienda mbele na nyuma. Ioshwe pia, udongo ukikutwa kwenye minyororo ya miguu ni kesi nyingine.

Bolmili ni habari tofauti kabisa, nitarudi jioni kuna gari linatoka bandarini sasa hivi.

BintiWaAntwerp

Kaka hapo juu kaeleza vizuri sana, acha niongeze upande wa hizi kampuni maana mimi nafanya kazi ofisi ya shehena hapa Antwerp na naona barua za namna ya kaka yetu zikija kutoka Afrika kila siku zinakosa majibu, na inaniuma maana najua kuna mtu kakaa anasubiri.

Kaka MchimbajiMakongo kuna makundi ambayo ukiyachanganya unaandikia watu wasiohusika. Kuna wale wa mizigo mizito yenyewe hasa, kama Jumbo na BigLift za Uholanzi, SAL ya Hamburg, BBC Chartering ya Leer kule Ujerumani. Meli zao zina kreni zao wenyewe juu, Jumbo Kinetic kwa mfano ina kreni mbili na kila moja inanyanyua tani 1,500. Hawa wanabeba transfoma za umeme, mitambo ya kusafisha mafuta, vichwa vya treni. Halafu kuna Boskalis ambao wana meli inayoitwa BOKA Vanguard, urefu mita 275 upana mita 70, hiyo inajaza maji matangi yake inazama kwa makusudi mpaka deki inafunikwa, mzigo unaelea unaingia juu yake, kisha inatoa maji inainuka na mzigo wake mgongoni. Na kuna Mammoet, wao ni mabingwa wa kunyanyua na kusogeza nchi kavu, yale matrela yenye matairi mamia yanayotembea taratibu kama jongoo.

Hao wote ni watu wa heshima lakini mzigo wako kwao ni mdogo kaka, na sisemi hivyo kwa kuudharau, najua kwenu ndio maisha. Ndio maana mmoja kakaa kimya. Wewe unahitaji kampuni ya roro kwa eskaveta, na kwa bolmili unahitaji meli ya kontena ya kawaida. Na kote huko huendi mwenyewe, unapita kwa fowada, yaani wakala wa kusafirisha mizigo, aliyesajiliwa, mwenye ofisi Dar na mwenye mtu wake kule China, anayekupa kotesheni iliyoandikwa hatua kwa hatua.

Yale maswali uliyoulizwa ni ya muhimu, usiyaone ni usumbufu. Kitovu cha uzito wanauliza kwa sababu winchi ikinyanyua kitu ambacho upande mmoja ni mzito kinapinduka hewani. Muuzaji wa bolmili anao huo mchoro, ni wajibu wake kukupa bure, na kiwanda kisichoweza kukupa mchoro wenye uzito wa kila kipande mimi nisingekipa hela. Tena tangu Julai 2016 hakuna kontena linalopanda meli bila uzito uliothibitishwa, hiyo ni sheria ya dunia nzima ya baharini, akikwambia "andika tu tani 28" ujue hajapima.

Na bima! Muuzaji akikuuzia CIF, yaani bei yenye bima na nauli ya meli ndani, yeye ndiye anayekata bima na analazimika kukata ile ya chini tu, watu wa bima wanaiita kifungu C. Hiyo kifungu C hailipi mzigo ukidondoka wakati wa kupakia au kushusha, wala maji ya bahari yakiingia. Sasa fikiria mtungi wa chuma unadondoka kutoka kwenye winchi. Nunua FOB, yaani bei ya mzigo ukiwa umepakiwa melini, nauli na bima ni zako, kata bima yako mwenyewe kifungu A, kuanzia kiwandani mpaka unaposhusha mgodini. Mnakumbuka Ever Given ilivyokwama Suez Machi 2021? Mwenye meli alitangaza gharama za uokoaji zigawanywe, ikabidi wenye mizigo yote iliyokuwemo watoe dhamana ndipo waachiwe mizigo yao, hata yule ambaye mzigo wake haukuguswa. Mwenye bima aliandikiwa dhamana na bima yake, asiye na bima alitafuta fedha taslimu.

MzeeWaUjiji

Vijana hamjambo. Nimesoma nikafurahi maana mnajibu kwa moyo. Mimi nimefanya kazi reli Kigoma mpaka nimestaafu, kuhusu bolmili nina neno moja.

Mwanangu wa Makongolosi, usisafirishe bolmili, safirisha vipande vya bolmili. Sisi Kigoma tuna Liemba. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, meli ya mita 71, walipomaliza wakaifungua yote wakaitia kwenye makasha 5,000, ikapanda meli mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya na kutiwa ziwani Februari 1915. Kutoka kiwandani walikuja mafundi watatu tu, wengine walikuwa Waafrika wa huku na mafundi Wahindi. Walifaulu kwa sababu kila kasha lilijulikana lina nini na linakwenda wapi.

Na jambo la pili, walipoizamisha wenyewe mwaka 1916 isichukuliwe na adui, kwanza waliipaka injini grisi nzito. Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924, injini nzima. Nakwambia hili kwa sababu mtungi wako utakaa baharini wiki kadhaa kwenye chumvi. Gia na zile sehemu zinazokaa kwenye beringi mwambie Mchina azipake grisi mpaka zisionekane, azifunge nailoni na turubai. Kutu kwenye chuma kinene sio shida, kutu kwenye meno ya gia ndio kifo chake.

KurasiniKliaring

Shikamoo mzee Ujiji, umenimalizia kazi. Ndicho nilichotaka kurudi kusema.

Mkuu hizo tani 28 ni jumla. Ndani yake kuna mtungi wenyewe, vifuniko viwili vya mwisho, beringi na makalio yake, gia kubwa ya kuzunguka mtungi, pinioni, fremu na zile sahani za ndani. Mtungi una kipenyo cha mita 1.83, ukiongeza flenji zake bado unaingia kwenye opentopu ya futi 20, lile kontena lisilo na paa, unashushwa kutoka juu kwa winchi. Gia kubwa iagize ije nusu mbili, sahani za ndani zisifungwe kwenye mtungi zije kwenye kontena la kawaida pamoja na mota na mipira. Hapo umetoka kwenye mzigo mzito umeingia kwenye mzigo wa kawaida na bei inashuka kabisa. Mbao za kukazia mzigo ziwe na muhuri wa kutibiwa wadudu, zisipokuwa nao kontena linazuiwa.

Kila kipande kiandikwe namba kwa rangi, namba hiyo hiyo iwe kwenye pakingi listi, na pakingi listi ilingane na invoisi na BL, ile hati ya mzigo inayotolewa na meli, neno kwa neno. Nilikuwa na mteja mwaka fulani, invoisi inasema mashine moja, BL inasema vifurushi 11, forodha wakauliza vile vifurushi kumi ni nini. Tulikaa siku 19 tunaandikiana na kiwanda, storeji ya bandarini inahesabu, dimareji, ile tozo ya kuchelewesha kontena, inahesabu kwa dola. Mashine ilikuwa halali kabisa, hata kodi alishaitenga, karatasi tu ndio zimemla.

DerevaWaLobedi

Sasa mimi naona wote mnaongelea bahari, na baharini ndiko rahisi. Nimeendesha lobedi, lile trela la chini la kubebea mitambo, Dar Tunduma miaka mingi, mtu analeta mashine kutoka ng'ambo ya dunia salama halafu inamshinda kutoka Mbeya kwenda kwake.

Bro sikiliza, kwa uzito uko sawa. Sheria ya Afrika Mashariki ni tani 56 gari na mzigo wake, eskaveta tani 20 ukiongeza kichwa na lobedi hufiki huko, mizani ya Vigwaza na Mikese na zote za mbele unapita. Kinachokukamata ni upana, 2.80 umezidi wa kawaida, kwa hiyo unahitaji kibali cha mzigo mkubwa, vitambaa vyekundu, gari la kusindikiza, na unatembea mchana tu. Dar Mbeya ni kama kilomita 830 ila kwa mwendo huo usihesabu siku moja. Kuna Mikumi mle hifadhini unakwenda polepole, kuna mlima Kitonga, na Kitonga lobedi yenye mzigo mpana ikikutana na semi kwenye kona mmoja lazima asubiri, tunapiga simu juu na chini kabla ya kuanza kupanda. Halafu Mbeya kwenda Chunya unapanda tena mlima.

Kibali kiombwe meli ikiwa bado baharini. Wengi wanasubiri mashine ishuke ndio waanze kutafuta kibali na lobedi, matokeo yake mashine inalala bandarini inalipiwa.

Na swali ambalo sijaona mtu kauliza, nani atashusha mgodini? Eskaveta itajishusha yenyewe. Mtungi je? Mtakuja kuambiana "tutautoa kwa kijiko", yaani kwa hiyo eskaveta, msithubutu. PC200 ukiinyoosha mkono mita chache inabeba tani chache tu, mtungi wenye vifuniko ni zaidi ya hapo mara kadhaa. Niliona Chunya huko huko kwa macho yangu, mtungi ulisukumwa kutoka kwenye semi kwa kijiko ukatua kwenye kifusi, flenji ikapinda, bolti hazikuingia tena. Mwenye mali alikaa chini pale pale kwenye vumbi hakusema kitu. Kodisha winchi Mbeya, ifike siku hiyo hiyo, na kabla ya hapo mmwage zege la msingi likauke vizuri ili mtungi ushuke moja kwa moja mahali pake msije mkakodi winchi mara mbili. Njia ya kutoka lami mpaka shimoni kwenu ipimeni kwa futi kamba, daraja, kona, waya za umeme, mti wa mwembe wa jirani, kila kitu.

MwanaKilindini

Salaam kutoka Mombasa. Huyo ndugu dereva asema kweli tupu. Sie hapa tuliona mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365 ilishushwa Kilindini ikapelekwa mpaka kule Loiyangalani, safari ya kilomita kama 1,200. Kuleta kwa meli hakukuwa tabu, tabu ilikuwa kutoka Laisamis kwenda mbele, ikabidi kwanza itengezwe barabara ya kilomita 208 ndipo mapanga yake ya kuzungushwa na upepo yapite. Na walichagua mtambo mdogo wa kilowati 850 wakati dunia ishakuwa na mikubwa zaidi, panga lake ni kama mita 25 hivi, kitu cha kupitika kwa njia ile. Yaani waliangalia njia kwanza wakachagua mtambo. Nanyi fanyeni hivyo, kama njia yenu haipitishi kitu cha upana fulani basi mjue kabla hamjaagiza, kwani kiwanda hakirudishi pesa.

Na kontena ukilipeleka mpaka Chunya kumbuka lataka kurudi tupu Dar, siku za bure zikiisha walipa kila siku. Kama waweza, mtungi utolewe kwenye opentopu huko huko Dar, uwekwe kwenye semi, kontena lirudishwe siku ile ile.

MchimbajiMakongo

Wakuu, dada yetu wa Antwerp, mzee wangu wa Ujiji shikamoo. Nimewasomea wenzangu uzi wote jana usiku, tukawasha jenereta tukakaa mpaka saa sita. Dalali tumemwambia atuandikie hatua kwa hatua, nani anakata bima, kifungu gani, nani ana kibali, winchi ya nani. Amesema hafanyi kazi na watu wasiomwamini. Basi.

Leo asubuhi tumeenda na futi kamba kutoka lami mpaka shimoni. Kuna karavati moja mvua ya mwaka jana ililila upande, upana uliobaki ni mita 2.6. Tusingepima mashine ingefika pale ikasimama. Tumekubaliana tulitengeneze kwanza kabla ya kutuma hata shilingi Japani, vijana wanaanza kukusanya mawe kesho.

China nimewaandikia nataka mchoro wenye uzito wa kila kipande, gia nusu mbili, sahani zije pembeni, FOB. Wamejibu ndani ya saa moja na mchoro umekuja! Kipande kizito kabisa ni mtungi, wameandika tani 11.4. Vifuniko vinakuja mbali mbali. KurasiniKliaring naomba nikutumie pm uutazame, na DerevaWaLobedi naomba uniambie winchi ya tani ngapi inatosha kama itasimama mita sita kutoka kwenye msingi, maana karibu zaidi ya hapo kuna mdomo wa shimo la zamani na ardhi yake siiamini.

DerevaWaLobedi

Mita sita na tani 11.4, chukua ya tani 50. Ile ya 25 itakuwa inabana mwisho wa uwezo wake na ukisema kuna shimo la zamani hapo ndio usijaribu kabisa. Mwambie mwenye winchi akuonyeshe jedwali lake la kunyanyulia kwa mita hizo kabla hajatoka Mbeya, na aje na mbao nene za kuweka chini ya miguu. Nipigie picha hiyo ardhi nione.

KurasiniKliaring

Tuma mkuu, niko ofisini mpaka saa kumi na moja. Tuma na picha ya bamba la eskaveta lenye serial namba ya mashine na mwaka, nataka nilinganishe na karatasi za Japani kabla hamjalipa.